Maji ya Vuguvugu kwa Mtoto wa Skola

Nyinyi vijana, wajukuu zangu na wenzenu mnaosomea uuguzi, haya nawaandikia nyinyi, kwa hiyo wekeni simu chini kwanza. Mimi ni Bi Mize wa Chokocho. Nimezalisha wanawake kuno kusini mwa Pemba tangu nywele zangu nyeusi mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Sasa sizalishi tena. Tumeambiwa mzazi aende hospitali, na mie nasema hivyo hivyo, tena anayejificha ndani akaniita kwa siri namtoa mbio. Mwanamke humalizika damu huku majirani wanatafuta gari. Nimeyaona hayo na sitaki nyinyi myaone.

Basi siwafundishi kuzalisha. Hayo mtafundishwa na wenye glavu na mashine zao. Nataka kuwaeleza jambo moja tu la kazi hii, ambalo sidhani limo katika madaftari yenu, nalo ni kwamba mzazi haji kwako na tumbo peke yake. Anakuja na imani yake, na wewe usiyemuuliza utamkosea hata ukimshonea vizuri.

Aliyenitia katika ukunga ni Bi Hadia, Mungu amrehemu. Mkali yule, mie mpole mbele yake. Alikuwa akinikagua kucha kabla hatujavuka kizingiti cha mzazi, na nikija na kucha ndefu ananirudisha kwetu mbele za watu. Siku moja mzazi yumo kusukuma, nami kwa ujinga wangu nikasema, "Hee, kichwa kikubwa hiki." Bi Hadia hakunigombeza. Alinyanyua macho akaniambia, "Mize, mtungi hauna maji." Nikaenda kisimani. Niliporudi akasema haujajaa, nikarudi tena. Mpaka mtoto anazaliwa mie niko njiani na ndoo. Tangu siku hiyo chumbani mwa mzazi nasema la lazima tu.

Alinifundisha pia kupasha khanga moto kabla mtoto hajatoka. Unaikunja, unaiweka juu ya mfuniko wa sufuria inayochemka, unaigeuza. Mtoto ametoka kwenye joto, ukimpokea kwa kitambaa cha baridi unamshtua. Hili hata nyinyi wa hospitali lishikeni, maana nimeona watoto wanafutwa kwa nguo iliyotoka kabatini.

Lakini kuhusu mzazi asiye Muislamu Bi Hadia hakunifundisha kitu, kwa sababu hakupata kumuona hata mmoja. Hapa kwetu mtoto alikuwa akizaliwa na kila mtu anajua atasomewa nini. Adhana sikio la kulia, ikama sikio la kushoto, ndio mwanzo wa maneno anayoyasikia duniani. Na kwa kuwa wanaume wengi huwa hawapo, kazi ile ikawa ya mume wangu, Mzee Faki. Sauti anayo, na moyo wake mwepesi. Mie napokea, yeye anaadhini. Ilimkaa hata ikawa kama kupiga chafya. Akisikia kilio cha kwanza tu, awe anakula, awe anasuka kamba, anakosha mikono na kuja mlangoni, macho chini, mkwe wetu Raya anamtolea mtoto nyuma ya pazia. Hatukuwa hata tunaambizana.

Ndipo akaja Skola.

Skola alikuwa mke wa Deo, fundi mwashi kutoka bara, aliyeletwa kujenga kituo cha afya hapa hapa Chokocho. Tuliwapangisha chumba cha uani. Wakristo, Wakatoliki, na Jumapili wakiamka mapema kwenda kanisani Chake Chake, yeye na kilemba chake kimepigwa pasi mpaka kinasimama. Mtu wa kucheka. Tukimenya muhogo pamoja alikuwa akiniiga ninavyosema, nami nikimwiga yeye, na Raya anatucheka sote wawili.

Dini hatukuizungumza. Niliona kumuuliza mpangaji dini yake ni kukosa adabu. Nilichokijua kuhusu Wakristo ni cha kusikia kwa watu waliosikia kwa watu: kwamba wana miungu watatu, na kwamba Mungu wao ameoa akapata mtoto. Nilikuwa na hakika nacho kama ninavyojua njia ya kwenda kwetu. Wala sikuona haja ya kumuuliza mwenyewe, na huku analala upande wa pili wa ukuta wangu.

Mimba yake ilikuwa haijafika. Siku ile Deo alikuwa amekwenda Mkoani bandarini kupokea saruji, na Skola alikuwa anafua. Nikasikia ananiita, "Bi Mize, chupa imepasuka." Alisema taratibu kabisa, kama anayeniambia sabuni imekwisha. Nikamtuma mwanangu akatafute gari, lakini mtoto hakungoja gari. Alitoka mdogo, kiganja na nusu, miguu kama vijiti vya kiberiti, rangi yake imegeuka buluu, na hakulia.

Hapo ndugu zanguni hakuna maneno. Nilimfuta mdomo kwa kitambaa safi, nikamlaza kifudifudi mkononi, nikamsugua mgongo kwa khanga ya moto. Nikasugua. Nikamgusa nyayo. Mwisho akatoa kilio chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, na mie nikashusha pumzi. Nikamkata kitovu, nikampa Raya amshike nikashughulike na mama, kwa maana kondo la nyuma lilikuwa halijatoka na damu ilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda.

Nimeinama kule chini, nasikia nyuma ya pazia, "Allahu akbar, Allahu akbar."

Mzee Faki. Kasikia kilio, kakosha mikono, kaja. Na Raya, kwa mazoea, kamtolea mtoto. Hakuna aliyekumbuka kuwa huyu ni mtoto wa Skola.

Skola akanyanyua shingo. "Bi Mize. Mnamfanya nini mwanangu?"

"Tumekosea," nikamwambia. "Raya, mrudishe mtoto hapa."

Raya akamrudisha, uso umempauka. Nyuma ya pazia sauti ilikatika katikati, halafu nikamsikia mume wangu anasema peke yake, "Lahaula. Wa Deo."

Nilimvua mtoto khanga nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote wawili. Ndiyo dawa ya njiti, mtoto asiyetimiza miezi, ukiwa huna kitu kingine. Skola alimtazama. Mbavu za mtoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na mwanamke hata awe mzazi wa kwanza anajua kutazama.

"Atakufa?" akaniuliza.

Simdanganyi mzazi. "Sijui, Skola. Gari likifika mapema ana nafasi."

"Basi abatizwe sasa hivi."

"Padre yuko Chake, mwanangu."

"Si lazima padre. Kwetu mtoto akiwa anakufa, yeyote anaweza kumbatiza. Hata wewe. Unammwagia maji kichwani, unayasema maneno, na unakusudia lile ambalo Kanisa linakusudia. Nisaidie, Bi Mize. Mimi mikono inatetemeka."

Nilikaa kitako. Miaka yote ile nilikuwa nimeombwa mengi na wazazi. Nimeombwa nisimtaje mwanaume ni nani, nimeombwa nimfiche mama mkwe, nimeombwa sigara. Hili sikuwahi.

"Maneno yenyewe ni yapi?" nikauliza.

Akanambia: Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

"Maji nitakupashia," nikasema. "Bakuli nitashika, na mtoto nitamshika. Maneno hayo siyasemi. Nikiyasema na moyoni hayamo, nitakuwa nimekudanganya wewe, na Mungu wangu nimemkosea. Utayasema mwenyewe, mimi nitaushika mkono wako."

Akasema, "Sawa. Ni haki yako." Kisha akasema, "Lakini maji ya kupasha? Padre hutumia ya baridi."

"Padre habatizi njiti. Maji yanakataa kuwa maji kwa kupata moto?"

"Hayakatai."

Basi Raya akayaweka maji jikoni, jiko lenyewe liko pale pale pembeni, nami nikawa naendelea kumkanda tumbo Skola ili damu ipungue. Kondo likatoka zima. Na maji yakiwa bado, nikamwambia lile nililopaswa kumwambia siku ya kwanza alipohamia. "Skola, kabla sijashika bakuli, nieleze ninachokishikia. Hao wangapi?"

"Mmoja."

"Umetaja watatu."

"Mungu ni mmoja, Bi Mize. Hatuna wawili, hatuna watatu. Ila katika umoja wake huo yumo Baba, yumo Mwana, yumo Roho Mtakatifu. Baba si Mwana, na Mwana si Roho. Na kila mmoja ni Mungu yule yule mmoja."

"Hesabu hiyo mie sikufundishwa."

"Hata mimi sikufundishwa kama hesabu. Naiamini tu."

"Na huyo Mwana, Mungu alimzaa na nani?"

Mwanamke anatoka damu, mtoto anahangaika kifuani kwake, na bado alinitazama kama aliyeudhika. "Hakumzaa na mtu. Hatusemi hata siku moja kwamba Mungu alioa. Nani kakwambia hivyo? Tazama huo moto. Umewahi kuona moto unawashwa leo, mwangaza wake ukaja kesho?"

"Hapana. Vinakuja pamoja."

"Ndivyo Mwana alivyo kwa Baba. Ametoka kwake, na hapakuwa na siku ambayo hayupo. Halafu akashuka, akatwaa mwili kwa Bikira Maria, akawa mtu. Huyo ndiye Yesu. Kwetu si mtume tu. Ni Mungu kweli na ni mtu kweli."

"Mungu akawa mtoto mchanga? Akalia?"

"Akalia. Akabebwa. Akanyonya." Alimgusa mwanawe kichwani. "Akawa hivi. Ndiyo maana nataka huyu awe wake kabla hajaondoka."

Nikikaza uzi wa kitovu cha mtoto, nikasema, "Kwetu Bi Maryamu alijifungua peke yake chini ya mtende."

"Kwetu ilikuwa kwenye zizi la ng'ombe."

"Maskini. Kote kote hakupata mkunga."

Skola alicheka. Kicheko kilimuumiza, akashika tumbo, akacheka tena.

Sasa msinielewe vibaya. Sikuingia katika imani ile siku hiyo na sijaingia mpaka leo. Kwetu Nabii Isa ni mtume mtukufu, mwana wa Maryamu, na Mungu ni mmoja, hana mshirika wala mwana. Katika hilo nitakufa. Lakini siku ile nilitambua kwamba kile nilichokuwa nakikataa miaka yote hakikuwa kile wanachokiamini. Nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo. Ukikataa neno la mtu, kwanza lijue alivyolisema yeye.

Maji nikayapima kwa kiwiko. Vuguvugu. Raya akashika khanga ya kukaushia, tayari. Mtoto nikamlaza kwenye mkono wangu wa kushoto, kichwa juu ya bakuli, na kwa mkono wa kulia nikaushika mkono wa Skola usimwage pembeni.

"Jina lake?" nikamuuliza.

"Emanueli. Maana yake Mungu pamoja nasi."

Akachota kwa kiganja. Emanueli, nakubatiza kwa jina la Baba, akamimina. Akachota tena, na la Mwana, akamimina. Akachota mara ya tatu, na hapo nikaona midomo yake imekuwa myeupe na macho yanapanda. Akamimina, akasema. Mkono ukaniangukia ndani ya bakuli, na Skola akazimia.

Raya alimkausha mtoto, nami nikamrudia mama. Gari lililopatikana ni lile la kubebea mchanga wa ujenzi. Nilipanda nyuma na Skola kichwa mapajani, na mtoto nimemfunga kifuani kwangu ndani ya nguo, mpaka Mkoani. Hospitali walimpokea vizuri. Daktari kijana mmoja aliniuliza, "Nani kamweka hivi kifuani?" Nikadhani nimekosea. Akasema, "Endelea hivyo hivyo mpaka mama apate nguvu." Basi usiku kucha mie ndiye niliyekuwa kuku wa Emanueli.

Kesho yake Skola akafungua macho. Homa imempanda, Deo amekaa kwenye ncha ya kitanda na vumbi la saruji bado kichwani, na Mzee Faki ameleta uji wa pilipili manga, kasimama mlangoni hajui aingie au asiingie. Mtoto alikuwa yungali taabani. Daktari alikuwa ametuambia tungoje.

Skola hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza, "Nilimaliza?"

Deo akasema, "Ulimaliza nini?"

"Nakumbuka Baba. Nakumbuka Mwana. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Deo, kama sikumtaja Roho Mtakatifu hajabatizwa."

Deo alishika kichwa. "Nimbatize mimi basi."

"Na kama nilimaliza? Mtu habatizwi mara mbili." Akaanza kulia, bila sauti, machozi yanaingia masikioni. "Kila nikifumba macho naona nimeishia katikati. Katekista, mwalimu wetu wa kanisani, yuko wapi?"

"Amekwenda Unguja. Harudi leo."

Mnaona wanangu. Mtoto anaweza kuondoka saa yoyote, na mama yake hajui amempa alichotaka kumpa au hakumpa. Nyumba nzima ya Wakristo hawa, hakuna aliyekuwepo chumbani ila yeye aliyezimia. Aliyesikia ni Raya, ambaye alikuwa anababaika na khanga, na mimi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeuliza maneno yale kabla, niliyajua. Nilikuwa nimeyangojea moja moja, kama ninavyongoja bega la pili likishatoka la kwanza.

Nikasema, "Skola, nitazame. Ulimaliza."

"Unasema ili nilale."

"Mie sisemi kitu ili mtu alale. Ulichota maji mara tatu na yote yalipita kichwani kwake, mimi ndiye niliyeshika bakuli. La kwanza ulisema kwa jina la Baba. La pili ukasema na la Mwana. La tatu ukasema na la Roho Mtakatifu, na hilo ulilisema kwa nguvu kuliko mengine, hata Raya akashtuka. Ndipo ukaanguka."

Skola aliniangalia muda mrefu, akitafuta usoni kwangu kama nadanganya. Halafu mabega yakamlegea. Akafumba macho akasema, "Ahsante Mungu," na baada ya muda mfupi akasema, "Ule uji ni wa nani?"

Deo akatoka nje. Nilimsikia analia ukumbini kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mzee Faki alinisindikiza uani. "Mize," akasema, "umeyatamka."

"Nimesimulia alivyosema mwenyewe."

"Tofauti yake nini?"

"Ukienda kwa kadhi ukashuhudia fulani katukana, umetukana wewe?"

Alikuna ndevu. "La." Akacheka kidogo. "Na adhana yangu je? Nayo ilikatika njiani."

"Yako haikuombwa."

Jioni ile ile Emanueli alinyonya kwa mara ya kwanza. Kidogo, akachoka, akanyonya tena. Mwenye kujua njiti anajua maana yake. Nilikwenda msikitini mwa hospitali, upande wa wanawake, nikaswali, nikakaa pale nimenyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza tangu chupa ipasuke nikahisi njaa.

Katekista aliporudi alikuja mpaka nyumbani kwetu, mzee mmoja wa bara mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniuliza yale yale: maji yalitiririka kichwani, maneno yalikuwa yapi, nani alisema. Nikamjibu yale yale. Akasema kama kungekuwa na shaka wanayo njia ya kubatiza kwa sharti, lakini hapa haina haja, mtoto amebatizwa. Skola akamuuliza kwa woga habari ya adhana. Yule mzee akamtazama mume wangu, akasema, "Kwamba Mungu ni mkubwa, hata sisi twalisema. Yaliyobaki mtoto hakuyasema yeye." Mzee Faki akamkaribisha kahawa, na wakakaa mpaka Alasiri wakizungumza bei ya karafuu.

Skola na Deo walirudi bara kituo kilipokwisha. Emanueli sasa ni jitu, hunipigia simu na sauti yake nzito mpaka namuuliza ni nani. Mama yake ndiye aliyeniambia, "Waeleze vijana, Bi Mize, mimi naridhia." Ndiyo maana naandika.

Lakini siku ile katekista alipoondoka, nilisikia jikoni watoto wa nyumbani wanacheka. Raya alikuwa ameshika bakuli, ananiiga nilivyokunja uso, na mmoja anasema, "Bi Mize keshakuwa padre." Nikaingia. Nikamwita na Mzee Faki, nikawasimamisha wote, nikawaambia:

"Yaliyopita mle chumbani ni ya Skola, wala si mchezo wa jikoni. Asiyaige mtu na asiyapeleke nje. Na kuanzia leo mzazi yeyote atakayeingia nyumba hii, wa dini yoyote, ataulizwa mwenyewe kabla uchungu haujamzidi: mtoto akitoka asomewe nini, na asomewe na nani. Atakalosema ndilo. Raya, humtoi mtoto nyuma ya pazia mpaka niseme mimi. Na wewe Mzee Faki, ukishakosha mikono, kaa nje ungoje kuitwa."